Malalamiko Kuhusu Tawi Letu Kushinda Uchaguzi

Tawi la Goorabin,
Queensland Kaskazini,
Juni 1953

Ndugu Katibu wa Wilaya,

Salamu za mapambano, na pole kwa jino. Habari zake zimetufikia. Nakuandikia kwa heshima zote kulalamikia jambo ambalo halijapata kutokea tangu tawi letu la Chama cha Kikomunisti lianzishwe. Mwaka jana tulishinda uchaguzi, na mpaka leo Wilaya haijachukua hatua.

Unanijua. Tangu ule mgomo mkubwa wa wakata miwa, kila ukifika uchaguzi wa udiwani anayegombea ni mimi, Clarrie Hegarty, na anayeshindwa ni mimi. Nimeshindwa wakati wa njaa. Nimeshindwa wakati wa vita, Warusi walipokuwa rafiki zetu na redio ikiwasifu kutwa. Watu walinisimamisha barabarani wakaniambia, "Clarrie, wewe ni mtu wa kweli kabisa, ila kura tu ndiyo sikupi." Mtu huzoea kupendwa hivyo.

Mwaka jana kiuno kilinibana wiki ile ile ya kuandikisha wagombea. Tawi likamsimamisha Ndugu Assunta Zorzi, mjane anayewapikia wakata miwa kambini. Nilikubali kwa moyo mweupe, nikijua atashindwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakufanya kampeni inavyopaswa. Nilimwandikia hotuba nzito juu ya ubepari wa dunia. Akaitia mkobani, akashukuru, akaenda nyumba kwa nyumba kuwauliza watu wanakerwa na nini! Nikamwuliza, "Assunta, umewaeleza habari za mapinduzi?" Akanijibu, "Nimewaeleza habari za jalala na wale nzi. Wameelewa."

2. Ametuvurugia uhusiano na mabepari. Bwana Purcell, mwenye mashamba na diwani wetu wa miaka yote, kila akishanishinda alikuwa akinipiga bega na kuninunulia bia. "Pole, mzee. Mara nyingine, eh?" Hata lori lake alituazima tulifanye jukwaa la kumtukania. Tangu ashindwe na mpishi amenuna, na lori hatulioni tena. Sasa tunamtukana tukiwa tumesimama chini, na walio nyuma hawasikii.

3. Siku ya kuhesabu kura, jina la Assunta liliposomwa ukumbi mzima ulilipuka kwa shangwe. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje, mahali ninapokaa siku zote nikishindwa ili watu waje kunipa pole. Hakuja mtu. Ndugu Katibu, nimepigwa virungu na polisi mara mbili, lakini sikuwahi kujisikia mpweke namna ile. Mwishowe alitoka Assunta mwenyewe, akaketi kando yangu, akasema, "Usininunie, Clarrie. Kesho njoo unifundishe jinsi ya kusema kwenye kikao. Naogopa." Nilikwenda kumfundisha. Naomba lisichukuliwe kuwa kosa la kinidhamu.

4. Darasa letu la nadharia, siku ya Alhamisi, limekufa. Chumba cha tawi kimejaa watu wenye mabomba yaliyopasuka. Juzi alikuja mke wa Purcell, akamwita Assunta "ndugu" mbele ya kila mtu, kisha akauliza kadi za chama zinapatikana wapi. Nilimwambia zimekwisha. Nilitetea usafi wa chama peke yangu, huku wenzangu wakimtafutia kiti.

5. La mwisho ndilo baya kuliko yote. Kivuko cha mto, kile kilichokuwa kikizama kila mvua zikianza, kimejengewa daraja. Ilikuwa hoja yetu ya nguvu tangu kabla ya vita! Nilikuwa na hotuba juu ya kivuko kile ambayo iliwaliza hata wapinzani. Watu wanapita juu ya maji na mikate na watoto wao kana kwamba haki imekuwapo siku zote, na hotuba yangu haina kazi tena.

Kwa hiyo naomba Wilaya imwamuru Ndugu Assunta ajiuzulu kabla hajamaliza matatizo yote. Likishindikana hilo, wapiga kura wa Goorabin wapewe onyo kali kwa maandishi, na Bwana Purcell aombwe radhi.

Nisalimie mama watoto, wenzetu wa bandarini, na yule mpiga chapa mwenye kikohozi. Sisi huku wazima, ila tumeshinda.

Wako katika mapambano,
Clarence Hegarty,
Katibu wa Tawi

Baada ya kumaliza: Kabla sijafunga bahasha imekuja habari kwamba mbunge wetu amejiuzulu, na tawi limenisimamisha mimi nigombee kiti chake. Tafadhali usichukue hatua yoyote juu ya niliyoyaandika, na hasa usimguse Ndugu Assunta, maana ndiye anayeongoza kampeni yangu. Ameshanipiga marufuku kuhutubu. Asubuhi hii amenituma mtaa wa stesheni, na bibi mmoja amenikalisha, akanipa keki, akanisimulia habari za kuku wake na mbwa wa jirani mpaka chai ikapoa. Kisha akasema kura yake ni yangu. Ndugu Katibu, nilitoka pale nikipiga mluzi kama kijana. Hebu niulizie: ni kweli wabunge husafiri bure kwa treni mpaka bungeni Brisbane? Na kama ni kweli, ni behewa la daraja la kwanza?