Kamba ya Majimoto

Jumapili, Januari 4
Baba mkwe, Mzee Sau, ametangaza: Jumapili ijayo atakagua bustani zetu, achague machenza ya meza ya tambiko la mababu siku ya Tet, mwaka mpya wetu. Kila mwaka huchukua ya mwanyumba wangu Khiem, aliyemwoa dada wa mke wangu. Mwaka huu hapana! Nimepulizia dawa ya wadudu bustani nzima. Kichwa ninacho.

Jumanne, Januari 6
Wadudu wamerudi. Wengi kuliko mwanzo! Walioisha ni majimoto, wale sisimizi wakali wanaoshona majani na kula wadudu wa machenza. Mke wangu Diep anasema alinionya. Sikumbuki. Kwa Khiem majimoto tele, na magugu yenye maua kila mahali. Mvivu yule! Na machenza yake yanang'aa.

Jumatano, Januari 7
Alfajiri nimeiba kiota kwa Khiem. Mfuko ulikuwa na tundu, majimoto wakanitambaa wakiniuma. Nikajitosa na nguo zangu katika mfereji ulio kati ya bustani zetu. Khiem akatokea, akauliza kwa upole eti mwanyumba, maji yana baridi? Kiota nimekiokoa, nimekitundika.

Alhamisi, Januari 8
Kiota kimoja hakitoshi. Huku kwetu majimoto hufungiwa kamba wapite mti hadi mti. Basi nimefunga kutoka mchenza wa Khiem, juu ya mfereji, hadi wangu. Upande wangu nimeweka matumbo ya samaki. Wameanza kuvuka! Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, Januari 9
Paka amekula matumbo yote. Majimoto wote wako kwa Khiem. Hata wale wa wizi! Wamerudi kwao kwa kamba yangu, wamebeba na watoto. Khiem ameshukuru, amesema kamba ni imara. Nilitaka kulia.

Jumapili, Januari 11
Mzee Sau amemenya chenza langu, akalitazama, akamtupia kuku. Kuku naye kaliacha! Mzee akaniambia mbele ya Diep kuwa, mwanangu, tatizo ni hiyo dawa yako. Iache, na magugu yaache yachanue, huenda mwakani mababu wakakukumbuka. Nikaona aibu kwelikweli. Nikaapa kuiacha. Diep akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii. Khiem naye, kwa wema wake wa kuudhi, akaniletea viota viwili.

Jumatatu, Januari 12
Majimoto wa Khiem wameniuma makalioni. Wageni gani hawa! Nimewapulizia dawa. Kidogo tu, kuwafunza adabu. Wametulia wote, hakuna anayetikisika. Mwakani mababu watakula kwangu!