Familia Isiyonunua Bila Kujaribu

Watu walimwita Meneja. Hakuwahi kusimamia hata kibanda cha maji, lakini alikuwa na tai ya bluu, viatu vya kung'aa na maneno matamu, na mji ukaona inatosha. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wageni wa ile bustani kubwa ya michezo, yenye bembea za kupindua roho, na kuwauzia vyumba katika hoteli zisizomjua.

Jumamosi hiyo alikuwa na kodi ya chumba chake mfukoni, aliyoipata kwa jasho la watu wengine. Mama mwenye nyumba alikuwa ameapa mbele ya wapangaji wote kwamba Jumapili jioni ikifika hajalipwa, anabadilisha kufuli. Meneja alikuwa njiani kwenda kulipa. Kweli kabisa, tumpe haki yake. Ndipo alipoiona ile familia.

Walikuwa wamekalia mabegi nje ya geti la bustani, wakibishana. Baba alitaka hoteli ya bei poa. Mama alitaka ya karibu, watoto wasichoke. Watoto walitaka yenye bwawa. Bibi alikuwa kimya, na Meneja akajua mwenye sauti ni yeye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtu wa hoteli?"

"Ya ile pale ng'ambo, bibi. Ukiamka tu, unaiona bembea kubwa dirishani."

"Hewaa! Sisi tumetangulizwa kuchagua. Ukoo mzima unakuja likizo ya mwisho wa mwaka, watoto kwa wakubwa. Tukiridhika, tunatoa arbuni ya vyumba vyote hapo hapo."

Vyumba vyote! Meneja alihisi masikio yanapata moto.

"Ila kwetu hatununui kitu bila kukijaribu," bibi akaendelea. "Hata jeneza la marehemu mume wangu, nililala ndani kwanza."

Meneja akauliza, "Likawaje?"

"Lilibana mabega. Tukachukua lingine."

Mtu mwenye akili timamu angeaga hapo na kwenda kulipa kodi yake. Lakini Meneja alikuwa akiwaza arbuni ya ukoo, na tamaa haina breki. Akajiambia usiku mmoja ni chambo tu. Akavuka barabara, akaikabidhi kodi yake mapokezi, familia ikapewa funguo.

Walijaribu kwa moyo wote. Bibi aliligeuza godoro pande zote, akalilalia chali, akalilalia ubavu, akaagiza mto mwingine. Baba alijaribu bafu mpaka maji ya moto yakaisha. Mama akasema wazee wa ukoo wana vidonda vya tumbo, kwa hiyo jiko nalo lazima lipimwe, na wakalipima kuanzia supu hadi matunda.

"Sasa umbali," bibi akasema. "Watoto waende getini warudi."

"Si hapo tu, bibi! Unaliona."

"Kwenda naona. Kurudi je, mtoto akiwa amechoka? Lazima waingie wacheze, wachoke, ndiyo tupime."

Meneja alitafuta kosa katika hoja hiyo, hakuliona. Akanunua tiketi kwa chenji ya kodi. Watoto wakamwita mjomba, wakamvuta huku na kule, na yule mdogo akakataa kupanda bembea bila yeye. Kule juu alimkumbatia shingoni kwa nguvu zake zote.

"Mjomba, usiniachie!"

"Sikuachii, mama."

Ukweli usemwe, Meneja alifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kumshika shingo namna hiyo bila nia ya kumkaba. Alishuka kizunguzungu kimemshika, akawanunulia wote aiskrimu kwa senti za mwisho, bila hata kuombwa.

Jumapili asubuhi bibi alitoa hukumu akiwa amekalia begi lake. "Tumeridhika. Hoteli ndiyo hii. Arbuni iko nyumbani kwa shemeji yangu."

"Bibi! Si ulisema hapo hapo?"

"Ndiyo, hapo hapo tutakapofika. Jua halitazama kabla hajakutumia. Ila nauli, mwanangu, si unajua watoto."

Meneja aliwaza kufuli. Bila arbuni ile, usiku huu angelala nje, na ameshazama mno kurudi nyuma. Akaivua saa yake, akamuuzia dereva wa teksi kwa bei ya kusikitisha, akaenda nao stendi na kuwakatia tiketi.

Yule mdogo alilia kumwacha. Meneja naye akajifanya anarekebisha tai. Basi lilipoondoka familia nzima ilipunga mikono dirishani, bibi akimwombea baraka kwa sauti, naye akapunga mpaka lilipokata kona. Akageuka, akajiegemeza kwenye dirisha la tiketi, hana kodi, hana saa, ana namba ya simu ya shemeji aliyoachiwa na bibi. Akaipiga. Haikuwepo.

Mama wa tiketi alikuwa akimtazama kwa huruma, kidevu mkononi.

"Kumbe mwaka huu mjomba wao ni wewe?"

"Mwaka huu?"

"Pole, baba," yule mama akasema, akimsukumia kiti kupitia mlango wa kibanda. "Wa mwaka jana alikuwa mnene. Yule alilia zaidi."