Babu Aliyewapiga Wajerumani

Jumanne, tarehe 9 mwezi wa tano 2000
Papa Seifu amekubali kunisikiliza! Nataka kumwoa binti yake Zaina. Twahiri, fundi cherehani, naye anamtaka. Mzee amesema vita imefunga kila kitu, treni ya Kabalo haiji, wanaume wote tumebaki mikono mitupu. Basi badala ya mahari atapima ukoo. Ijumaa, baada ya sala, kila mmoja aeleze babu yake alikuwa wapi katika vita vya 1914. Twahiri anajigamba eti babu yake alikuwa mpagazi. Mpagazi! Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai.

Jumatano, tarehe 10
Nimemwuliza Shangazi Mouna. Jino hata moja hana, lakini hasahau. Babu alikuwa Kigoma, amesema, na aliwapiga Wajerumani. Sikungoja zaidi! Nimekata medali kwenye kopo la maziwa. Inang'aa.

Ijumaa, tarehe 12
Ya Rabi! Nilisimama mbele ya wazee, medali kifuani, nikaua Wajerumani kumi na wawili. Wa kumi na tatu nimemkaba koo, Shangazi akaingia. Akauliza nani kasema aliwapiga. Yeye alisema aliwapigia. Aliwapigia pasi! Mashati, suruali, hata soksi! Kwa i moja babu yangu katoka vitani kaingia kwenye nguo za watu. Twahiri alicheka mpaka akalala mkekani. Papa Seifu hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi, tarehe 13
Shangazi kaleta pasi ya makaa, kaifunga kwa kitenge. Wabelgiji walipoiteka Kigoma, amesema, Wajerumani walikimbia wakaacha mashati kambani. Babu alibaki kumaliza kola moja. Wabelgiji wakamkamata na pasi yake, wakamvusha ziwa hadi huku kwetu awapigie wao. Mama yake hakumwona tena. "Bila hii pasi, we hauko," akaniambia. Mpini umelika pale palipokaa vidole vyake. Nililia, sifichi.

Jumapili, tarehe 14
Sikuamini masikio yangu! Papa Seifu amesema mpagazi na mpiga pasi wote ni wazee wa kweli. Mwongo ni mimi. Kesho ananipa nafasi ya mwisho: nilete pasi, niseme kweli tupu. Zaina ametuma neno: Yassine, usiongeze kitu. Nimeapa.
Jioni Shangazi akataja babu wa upande wa mama. Huyo aliwapiga Wabelgiji. Au aliwapigia. Meno hana, sikusikia vizuri, na sikuuliza. Natafuta kopo jingine la maziwa.