Mitego Yangu Imejaa

Jumatatu, 3 Juni

Leo tumefungua mitego ya nzi wa matunda. Mimi natunza ya mashamba ya machungwa ya mtoni, shemeji yangu ya kilimani. Yake mitupu! Yangu mitupu pia, ila mmoja ulikuwa na sisimizi. Mkuu wa kituo akampa shemeji mkono, eti kazi nzuri. Kumfariji tu, maskini. Anatafutwa msimamizi wa mitego yote ya mkoa. Siku ya mafunzo nilisinzia kidogo, lakini la msingi nilishika: mtego ni wa kunasa.

Jumanne, 4 Juni

Nimevuka kizuizi cha mazao hadi soko la ng'ambo. Matunda ya huko hayaruhusiwi kwetu kwa sababu yana nzi. Nzi tele, na sisi tunawakataa! Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi nimechukua mapera yaliyooza kabisa, mfuko mzima. Mlinzi wa kizuizi akauliza nimebeba nini. Nikamwambia mimi ni mtu wa idara. Akapiga saluti. Sare hii hunipendeza sana.

Jumatano, 5 Juni

Mapera yote nimeyaweka chini ya mitego yangu. Mke wangu kauliza mbona nanuka. Nikamjibu ni harufu ya cheo. Kanipeleka kulala sebuleni.

Ijumaa, 7 Juni

Imejaa! Mitego myeusi tii! Nikampelekea Mkuu kwenye sinia. Akakaa kitako. Akauliza hawa wametoka wapi. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba ni juhudi tu. Akakimbilia simu, na sasa hata wakubwa wa makao makuu wanakuja kuniona. Shemeji uso umemshuka. Wivu huo.

Jumamosi, 8 Juni

Hakuna chungwa kutoka mkoani hadi ijulikane nzi wameenea wapi. Malori yamerudishwa. Mama mkwe alikuwa ameshapanga mavuno yake yote kwenye makreti, mwaka mzima wa kumwagilia. Akakaa juu ya kreti, akaniuliza, “Baba, nani katuletea balaa hili?” Nikamwambia, “Tutamnasa tu, Mama.” Niliona aibu kweli, hadi chai ilipoletwa.

Jumatano, 12 Juni

Shemeji kagundua mapera. Huku hakuna anayelima mapera. Mlinzi naye kakumbuka mfuko wangu, mbea yule! Mkuu akanieleza taratibu, kama anamlisha mtoto uji: mtego mtupu ndio ushindi, ndio unaowafanya wanunuzi wa nje watuamini. Nikamwambia jambo kubwa hivyo lingebandikwa ukutani. Akanyoosha kidole ukutani. Limebandikwa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeshinda na shemeji tukifukia matunda yaliyoanguka. Yeye ananyunyiza dawa, mimi nachimba. Mashimo yangu ni marefu kuliko ya yeyote, na nimemwonyesha kila aliyepita. Machungwa ya mama mkwe yamekwenda kiwanda cha juisi cha humu humu mkoani, kwa bei ya kutupa. Haongei nami. Salamu zangu hupitia kwa binti yake, na hufika zimepungua.

Jumatatu, 17 Juni

Shemeji ndiye msimamizi. Machungwa bado yamezuiwa. Mimi nimehamishiwa kizuizini, kwenye beseni la dawa ambamo kila anayeingia mkoani hukanyaga kusafisha viatu. Yaani mkoa mzima unapita mikononi mwangu! Na kofia nimepewa. Mkuu alieleza kitu kuhusu udongo na magonjwa, lakini nilikuwa naijaribu.

Nimechunguza beseni la mwenzangu wa zamu ya asubuhi. Jioni maji yake bado yanang'aa. Aibu iliyoje! Nani ataamini amesafisha kiatu hata kimoja? La kwangu litakuwa tope tupu, mpaka Mkuu mwenyewe akiri. Nimeazima ndoo. Kesho navuka kwenda kwenye mashamba ya ng'ambo, yale yaliyokauka kwa ugonjwa. Udongo wa huko ni mweusi, mzuri ajabu, na wenyewe wanautoa bure.