Bajeti ya Gari Lenye Hita

Jumamosi, Julai 5
Bajeti ya gari imekamilika! Gari la mkononi, siyo jipya, mimi si mjinga. Bei, bima, mafuta, matairi mawili. Fedha ni zile za mbegu za viazi vya vinyungu, yale mashamba yetu ya bondeni. Nitabeba abiria Njombe hadi Makambako, fedha zitarudi kabla mke wangu Dorika hajajua zilitoka. Ukurasa umejaa kabisa, hapakubaki nafasi ya kuandika hasara. Dalili njema.
Jirani Severini kapita na pikapu yake. Kanipigia honi badala ya kunisalimu. Subiri tu.

Jumatatu, Julai 7
Makambako. Upepo wa kukata masikio. Dalali Abdulsalam ni mtu wa dini, hafichi kitu. Kanionyesha gari dogo la kijivu, kaliwasha, kabonyeza kitufe.
Mungu wangu! Joto! Limetoka chini ya dashibodi polepole, likapanda kwenye soksi, magotini, tumboni. Nimezaliwa Njombe, nimezeekea Njombe, sikujua kama Julai mtu anaweza kuvihisi vidole vyake vya miguu. Ukungu wa kioo ukafutika wenyewe. Nikavua kofia kama niko kanisani.
Abdulsalam alikuwa anaongea. "Bwana Lameki, giaboksi yake imechoka. Nakwambia mapema, nisije kuulizwa mbele ya Mungu."
Nikamwomba aongeze joto kidogo. Nimelipa.

Jumanne, Julai 8
Dorika amejua. Gari haliwezi kufichwa uani. Hakugomba, aliuliza tu: "Baba Lidia, mbegu zinanunuliwa Ijumaa ya wiki ijayo. Utanunua na nini?"
Nikamkalisha kiti cha mbele, nikawasha hita. Akafungua vifungo vya sweta! Akasema basi, tuone. Chombo hiki kingeweza kupatanisha mataifa.

Jumatano, Julai 9
Abiria wanne. Gia ya tatu haipo, ya nne ni hadithi. Tumekwenda na gia ya pili njia nzima. Baiskeli yenye magunia ya mkaa imetupita, mwenye nayo akatupungia mkono. Abiria hawakulalamika, walikuwa wamelala fofofo. Wameamka Makambako, basi lao limeshaondoka, wakalipa nusu nauli. Mmoja alikataa kushuka. Nilimwelewa.
Kurudi, gia ya pili nayo ikaaga. Severini ndiye aliyenivuta kwa kamba, taratibu, mji mzima ukitazama. Pikapu yake haina hita, kavaa makoti mawili. Nilimwonea huruma kwa dhati.

Alhamisi, Julai 10
Gari haliendi. Lakini injini inawaka!
Mama mkwe kaja kutoka Matembwe na kikohozi chake. Dorika kamkaribisha garini. Kwetu mtu hakai benchi moja na mama mkwe wake, sembuse gari dogo. Kwa hiyo yeye yuko ndani, mimi niko nje, na umande umeganda kwenye nyasi. Chai ikipoa anapiga honi. Nampelekea nyingine dirishani, uso nimeugeuza pembeni kwa adabu.
Jioni kaniletea ujumbe kupitia Dorika, kwamba binti yake ameolewa na mwanamume. Tangu harusi hajawahi kusema hivyo. Nimefurahi mpaka nikashindwa kula.

Jumamosi, Julai 12
Mafuta yote ya bajeti yamekwisha na gari halijasogea hata hatua moja. Mama mkwe kahamishia humo mto na Biblia. Kikohozi kimepona. Muujiza!
Dorika yuko bondeni na mabuti, anapandisha matuta peke yake. Yamenyooka vizuri mno. Kila jioni ananiuliza mbegu. Namjibu Ijumaa.

Ijumaa, Julai 18
Mama mkwe karudi kwao asubuhi. Severini kanivuta hadi Makambako. Abdulsalam kalichukua gari kwa nusu ya bei, tena kwa huruma. Fedha zinatosha mbegu kama Dorika atapunguza matuta machache. Abdulsalam kaniambia niende moja kwa moja kwenye duka la mbegu. Nilikuwa naenda. Kweli nilikuwa naenda.
Ila nyuma ya banda lake nikaliona gari refu, viti safu tatu. Hita mbili! Moja mbele, moja nyuma! Katikati unatundika pazia: mama mkwe nyuma, mimi mbele, adabu imetimia, wote tunapata joto. Nilisimama pale nimeduwaa. Abdulsalam akasema jambo kuhusu injini, kwamba haimo. Aliniuliza mara mbili kama nimesikia. Nimesikia. Injini itaingia kwenye bajeti mpya. Nimelipa malipo ya awali, fedha zote.
Nimemkuta Dorika bondeni, amekaa mwisho wa tuta la mwisho, matope hadi magotini. Akanyoosha mikono yote miwili apokee mbegu.
Nikamuuliza anapenda pazia la rangi gani.