Kamati ya Kuhakiki Hofu

Mwaka 1996 wananchi wote wa Ifakara na vijiji vya jirani walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayeogopeshwa na picha ya video bila kibali. Hofu, lilisema gari la matangazo, ni mali ya umma kama maji ya mto Kilombero, na haiwezi kuachwa mikononi mwa watu binafsi. Kwa hiyo iliundwa Kamati ya Kuhakiki Hofu, chini ya uenyekiti wa Bwana Gosbert, ofisa msomi aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Mimi nilikuwa katibu. Kila kikao tulikifungua kwa sala na kukifunga kwa sala, na katikati yake tuliamua mambo wenyewe.

Chanzo cha haraka hiyo kilikuwa mkanda mmoja. Bryson, fundi redio wa Lipangalala, aliazima kamera ya kupigia harusi, akaenda nayo kijiji cha Mofu na kutengeneza picha ya mchawi anayeruka kwa ungo na kula mpunga wa majirani ungali shambani. Mchawi aliigizwa na Mama Odilia, muuza samaki wakavu. Ungo uliinuliwa kwa uzi wa nyavu. Damu ilikuwa maji ya rozela. Pale panapotisha kuliko pote, mtu mwenye baiskeli anapita nyuma ya mchawi, anaitazama kamera na kupunga mkono. Hata hivyo banda la video lilijaa mpaka watu wakachungulia kwenye matundu ya ukuta wa matete, na kila Odilia alipocheka, kina mama walishikana mikono.

Kamati iliutazama mkanda huo mchana, milango imefungwa. Ungo ulipopaa, Mwenyekiti aliamuru deki ya video isimamishwe.

"Ungo umepaa," alisema.

"Ni uzi, mkuu," alisema Bryson. "Ule pale. Hata fundo linaonekana."

"Uzi nimeuona. Ninachouliza ni kwa nini ungo umepaa."

Bryson alinitazama. Mimi nikainamia karatasi zangu. Akaitwa Mama Odilia, aliyekuwa akisubiri barazani.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Kicheko kile ulijifunza wapi?"

"Kwa wifi yangu, mkuu."

"Naye ni mchawi?"

"Hapana. Ni wifi tu."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mtu hawezi kuigiza asichokijua," alisema. "Mimi, kwa mfano, siwezi kuigiza mjinga."

Wajumbe tuliafiki, na ikaingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Ndipo Kamati ikajiridhisha kwamba Odilia wa Mofu ni mchawi kwa kiwango cha kuridhisha, na gari likapita kulitangaza hilo mpaka kijijini kwao.

Odilia akaacha kucheka. Wenye mitumbwi wa Mofu, waliokuwa wakimtania kwamba apande ungo wake asiwachoshe kupiga kasia, sasa hawakuthubutu kumvusha. Shamba lake lilikuwa ng'ambo. Mpunga umeiva, ndege kwelea-kwelea wametua, nguruwe pori wameingia, na mpunga huo ndio ulikuwa chakula cha wanawe cha mwaka mzima. Akaja ofisini na kanga begani, hajauza samaki hata mmoja.

"Baba, lirudisheni lile gari liseme niliigiza."

"Gari la matangazo halirudi nyuma," alisema Mwenyekiti. "Lakini nasikia ninyi wa huku mna utaratibu wenu wa kunyoa."

Utaratibu huo upo. Mtu akitajwa kwa uchawi hupelekwa kwa mganga, hunyolewa, hupewa dawa, na maneno yanaishia hapo. Hakuna anayeruhusiwa kumtaja tena. Mimi mzaliwa wa upande wa Mahenge naujua utaratibu huo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Lakini Mwenyekiti hakuniuliza, na katibu hatoi maoni asipoombwa.

Tukavuka mto kwa kivuko cha magari cha Ifakara, msafara kamili, Mwenyekiti kiti cha mbele, mimi na Odilia nyuma pamoja na kipaza sauti, wajumbe wengine wakiwa wametoa udhuru. Mganga Fransisko alikuwa mzee mwenye rozari shingoni na wembe mkononi. Watu waliokuwa wakisubiri zamu walitupisha.

"Nani kamtaja huyu mama?" aliuliza mganga.

"Kamati," alisema Mwenyekiti.

"Kamati ndiyo nani?"

"Ni chombo."

"Kina nywele?"

Mwenyekiti alifafanua kwamba chombo chenyewe hakina nywele, bali kina wajumbe.

"Basi waje mkekani," alisema Fransisko. "Hapa aliyetajwa hanyolewi peke yake. Aliyetaja naye ananyolewa. Nani kati yao ni mchawi, mimi siulizi, na dawa haisemi."

Mwenyekiti alinigeukia. "Ulilijua hili?"

"Sikuombwa maoni, mkuu."

Akaondoka kuelekea garini kwa mwendo wa kiofisa. Dereva wetu, Alfonsi, alikuwa ameshatia ufunguo mfukoni.

"Samahani, mkuu. Mtu anayekimbia wembe simbebi. Nina watoto."

"Huyo ana lake," alisema bibi mmoja aliyekuwa akisubiri zamu, na wenzake wakaitikia kwa kuguna.

Odilia akanyolewa kwanza, kisha Bwana Gosbert akakaa mkekani. Alinyolewa kichwa, ndevu, nyusi, na kwingine ambako taarifa hii haifiki. Nami vilevile.

"Tulia, mkuu," Odilia alimwambia kwa upole. "Ukitikisika utakatwa."

Kesho yake wenye mitumbwi waligombea kumvusha. Mpunga uliosalia akauvuna, majirani wakimsaidia, kwa kuwa maneno yake yalikuwa yamekwisha. Ya Bwana Gosbert, aliyenyolewa bila kutajwa, ndiyo yaliyoanza. Mjini watu walihesabu hivi: ukimwacha katibu, ambaye huandika tu, walionyolewa ni wawili, na mmoja alikuwa akiigiza. Uzi wa Odilia kila mtu aliuona. Wa Mwenyekiti haujawahi kuonekana.

Chai aliyoimimina ofisini haikunywewa. Wananchi walimwamkia wakiwa bado mlangoni, mguu mmoja nje. Mwishowe alimwita Bryson na kumwamuru apige picha ya tamko rasmi, ionyeshwe bandani bila kiingilio.

Banda lilifurika. Jenereta lilikuwa linachoka siku hiyo, picha ikapunguza mwendo na sauti ikazama kama inatoka kisimani. Kikatokea kichwa kinachong'aa, bila nyusi, kikajaza kioo chote.

"Wananchi," kilisema polepole. "Mimi. Si. Mchawi."

Watu walitoka kwa kupitia ukutani. Bryson mwenyewe, mwenye mkanda, alitangulia.

Tulibaki wawili, mimi na Mwenyekiti, tukimtazama Mwenyekiti.

"Wameondoka mapema," alisema. "Unadhani wameniamini?"

"Kabisa, mkuu," nilimjibu, nikalisogeza benchi langu karibu na mlango.