Boya Lililopanda Kilima cha Genkuru

Jumatatu, 8 Machi 1976

Leo nimeteuliwa. Kijiji kizima kimeona. Mwenyekiti alisimama mkutanoni akasema serikali imetuletea mtaalamu wa maji kutoka pwani, Ndugu Tamimu, na anataka vijana wawili wenye miguu na akili. Nikasimama kabla hajamaliza. Wa pili ni Nyangwine. Yeye amemaliza la saba na ana mwandiko kama wa karani. Mimi niliishia la tano, lakini ni kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa.

Ndugu Tamimu amekuja na Land-Rover na maboya mawili, moja jekundu, moja la njano. Kila moja ni kubwa kama chungu cha pombe. Juu limechomekwa unyuzi wa chuma, kama kipapasio cha panzi. Chini lina mkia wa turubai unaoning'inia majini ili mkondo uushike. Anasema huko baharini maboya ya namna hii yanaachwa yaelee popote maji yanapotaka, na juu ya dunia kuna chombo kinazunguka, satelaiti, kinayasikia kila kinapopita na kuwaambia wenyewe yalipo. Hivyo ndivyo mikondo ya bahari inavyojulikana. Haya mawili anayajaribu kwanza kwenye mto wetu wa Mara, halafu yaende Tanga.

Kazi yetu ni kufuata ukingoni, kila mtu na boya lake, na mti mrefu mkononi. Likikwama, ngoja kwanza, angalia mahali, kisha lisukume. Usilitoe majini. Lolote litokee, usilitoe majini. Hilo kalirudia akinitazama mimi. Sijui kwa nini.

Mwisho akasema neno ambalo limeninyima hamu ya ugali: mmoja wetu ataenda naye Tanga, kufanya kazi melini. Mmoja tu.

Sijawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Nitaenda mimi. Nyangwine ataniandikia barua kwa mwandiko wake mzuri.

Jumanne, 9 Machi

Tumeyaachia maboya asubuhi. Mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa. La njano ni langu. Likazunguka mara moja, kama mtu anayesahau kuaga, likaondoka.

Ndugu Tamimu alisema haya si mashindano. Akasema tena. Mtu akiwaambia watu wawili wenye nafasi moja kwamba si mashindano, anatafuta nani mjinga. Nyangwine kaamini. Maskini.

Nilimuuliza Ndugu Tamimu maji haya yanakwenda wapi. Akasimama kabisa, akasahau hata sigara yake. Yanaingia Ziwa Viktoria, alisema, yanatoka upande wa pili yakiitwa Nile, yanakata jangwa, yanafika Misri, na Misri yanaingia baharini. Nikauliza kama maji hujua safari yote hiyo tangu hapa. Akacheka, akasema swali hilo hajaulizwa hata chuoni Ulaya.

Mchana kutwa nimekwenda na boya langu. Halikuwa na haraka. Linapita pale ng'ombe wanapokunywa, ng'ombe wanainua vichwa, wanalitazama, wanainama tena. Nikawaza: wanakunywa bahari na hawaijui. Nikakaa kidogo kwenye jiwe ili niwaze vizuri. Nilipoinuka, boya la Nyangwine lilikuwa limetangulia.

Jumatano, 10 Machi

Balaa. La njano limeingia kwenye matete na kukaa humo. Nimesukuma kwa mti, mti umevunjika. Ningeingia majini, ila kuna kiboko. Nyangwine anasema ni jiwe. Jiwe lililopiga chafya!

La Nyangwine nalo liligusa matete. Akaingia hadi kifuani, akalisukuma, akapita zake bila hata kuringa. Hiyo ndiyo inaudhi.

Dada yake, Mokami, alimletea viazi. Akapita kwangu, akaweka ungo chini ili acheke kwa nafasi.

"Waitara, boya lako limeoa hapo?"

Nikamwambia linapumzika, ni utaratibu wa kitaalamu. Akauliza kama na mimi ni boya. Viazi hakunipa. Kimoja tu, tena cha kuungua.

Alhamisi, 11 Machi

Akili imekuja leo nikiwa nimelala chali kwenye majani, mawingu yakipita polepole kuelekea Ziwa, kila moja na kivuli chake mtoni. Nikaona wazi. Hapa mto unapinda kama mkia wa mbwa. Unazunguka kilima chote cha Genkuru kabla ya kuendelea. Mtu akikatiza juu ya kilima, anatokea upande wa pili, mbele ya Nyangwine, miguu mikavu. Na Genkuru anakaa mjomba Wangwe, mwenye maksai.

Kiboko alipohama, nikalivuta boya kwa kamba hadi nchi kavu. Ndiyo, najua alivyosema. Lakini alisema nisilitoe majini. Hakusema nisilirudishe.

Sasa sikiliza ujanja. Huku kwetu ng'ombe akiibwa, yowe linapigwa, wanaume wanafuata nyayo, na nyayo zikiishia kwenye boma lako, wewe ndiye wa kujibu, hata kama ulikuwa umelala. Basi hakuna nyayo, hakuna kesi. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa mambo haya. Ng'ombe aliokuja nao walionekana kama wameota shambani. Damu hiyo ninayo. Nililibeba boya kwa kupita ndani ya kijito. Kwa mjomba nikaazima maksai mmoja na lile gogo la panda tunaloburutia magunia. Nikamvika maksai magunia miguuni. Nyuma nikafunga tawi la kufagia njia. Safi. Hata mimi nilipogeuka sikujua nilikotoka.

Tatizo ni mjomba. Kabla sijatoka bomani akaniita, akasema anayeazima maksai hulima kwanza, ndivyo ilivyo tangu zamani, na jembe liko pale.

Ijumaa, 12 Machi

Nalima. Shamba la mjomba lina mawe kuliko udongo. Boya nimeliweka juu ya kichuguu, kipapasio kikitazama mbinguni, ili lisiingie vumbi. Linapendeza pale. Kuku amelipanda, akashuka, akalipanda tena.

Mjomba aliuliza ni kitu gani. Nikamwambia ni mtoto wa satelaiti. Akauliza kama linakula. Nikasema halili, linasikiliza tu mkondo. Akatazama shamba lake, akatazama kilima, akauliza mkondo gani. Mzee yule hana elimu.

Jioni jua lilipolala upande wa Ziwa, mitaro mipya ya plau ilijaa mwanga, mstari baada ya mstari, na upepo ukapita juu ya nyasi kwa pamoja. Nikaona bahari. Kweli kabisa. Kilima chote kilikuwa kinaelea, na mimi nimesimama melini, nimevaa kofia, nikimwamrisha Nyangwine asugue sitaha. Mjomba akaniamsha kwa fimbo ya maksai.

Jumamosi, 13 Machi

Ushindi! Nimeshuka upande wa pili alfajiri, nikalirudisha boya majini taratibu, nikatembea nalo kama mtu aliyetoka nalo mbali. Tumefika kambini kwa Ndugu Tamimu, mwisho wa safari, kabla ya mtu yeyote. Nikajipaka matope magotini ili nisionekane mvivu.

Nyangwine alitokea jua likielekea kuzama. Amevimba mguu, matope hadi masikioni, sauti imekauka. Akaanza kueleza kila mahali boya lake liliposimama, muda gani, maji yalikuwaje. Nikamwonea huruma. Mtu anasimulia jinsi alivyochelewa!

Ndugu Tamimu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akanigeukia, akauliza langu lilikwama wapi. Nikasema halikukwama popote, lilipita kama siagi. Akaitikia kwa kichwa. Akasema tungoje simu ya upepo kutoka Musoma, maana taarifa za satelaiti huanzia Amerika.

Wacha zije. Nimelala nikiwaza Tanga. Sijui kama samaki wa huko wanajua Kiswahili tu au na Kikurya kidogo.

Jumatatu, 15 Machi

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Ndugu Tamimu alitandaza ramani juu ya boneti ya Land-Rover. Mto umechorwa kwa buluu. Nukta nyekundu za Nyangwine zilikuwa zinaufuata mto kama punda na mwenyewe. Za njano zilianza vizuri. Kisha zikasimama. Kisha zikaacha mto, zikapanda kilima cha Genkuru, zikajazana juu kule, halafu zikashuka upande wa pili.

Akasema kwa upole kwamba Musoma wanauliza kama Genkuru kumetokea gharika. Na Amerika wanauliza kama maboya yake ni mabovu, na kama ni mabovu, hakuna haja ya kuyapeleka baharini hata moja.

Nikasema mvua zilikuwa kubwa. Hapo nikaona nimalize mambo kiume. Nikamwambia aende mwenyewe na watu wake, wapekue njia yote toka mtoni hadi kwa mjomba Wangwe na kushuka tena, na kama wataona hata unyayo mmoja, niitwe mwongo.

Nyangwine akafumba macho.

"Ndugu Waitara," akasema Ndugu Tamimu, "nani amezungumza habari za nyayo?"

Akaweka kidole juu ya nukta za njano zilizojazana kilimani.

"Mimi sikutazama chini hata mara moja. Boya lenyewe lilikuwa linasema lilipo. Hata pale ulipolala."

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile boya juu ya kichuguu, kipapasio juu, kuku pembeni, likinichongea mbinguni huku mimi nikilima!

Nikamwambia basi lilikwama kweli, kwenye matete, na nilikuwa naficha aibu yake. Akakunja ramani polepole sana. Akasema kukwama ndiko alikokuwa anakutafuta. Mahali mto unaposhika kitu na unapokiachia, hiyo ndiyo habari. Mwendo wa siagi haumfundishi mtu chochote. Kisha akasema, bila hasira, na afadhali angepiga:

"Jina la kwenda Tanga lilikuwa lako. Tangu ulipouliza kama maji yanajua safari yao."

Jumanne, 16 Machi

Nyangwine ameondoka. Mguu bado umefungwa kitambaa. Alinipa mkono, akasema ataniandikia bahari ilivyo. Ndugu Tamimu naye alinipa mkono, akasema nirudi shule. Mama Nyangwine alilia kwa furaha, watoto wakakimbilia vumbi la gari. Mimi nilikaa nyuma ya stoo ya kijiji nikitazama vumbi hilo likitua kwenye mahindi, kidogo kidogo, kama halina mahali pengine pa kwenda.

Nimetafakari kosa langu. Nimeliona. Kosa ni kukiacha kipapasio nje. Ningelifunika kwa ngozi ya ng'ombe, nisingejulikana.

Na kosa la pili: nimekuwa nangoja gari. La nini? Mtu mwenyewe alinieleza njia. Mto, Ziwa, Nile, Misri, bahari. Hakuna kona ya kupotelea.

Alhamisi, 18 Machi

Naandika nikiwa safarini. Nimeunganisha madebe matupu kwa kamba, nimeziba midomo yake kwa nta, juu nimefunga mlango wa banda la mbuzi. Nimejifunga mkia wa gunia kiunoni, uning'inie majini, mkondo unishike sawasawa. Kichwani nimechomeka unyuzi wa chuma wa mwavuli. Safari hii sifichi kitu. Wanione wote.

Ni jioni. Maji yametulia, mbingu zimelala ndani yake, na mimi niko katikati, siko juu wala chini. Matete yananipapasa mabegani pande zote mbili. Nadhani ndiyo mimea ya Ziwani. Nimewahi sana. Kuna kitu kinang'aa juu upande wa magharibi, kinakwenda bila sauti. Nimekipungia mkono. Huko Amerika sasa hivi mtu anaweka nukta yangu kwenye ramani na kumwita mwenzake aje kutazama.

Mokami yuko ukingoni na nguo zake. Ananiambia kwamba tangu aanze kufua mpaka sasa anakamua, sijasogea hata kidogo.

Nimemjibu asijali. Mwendo huu hauonekani kutoka chini.